Magnitogorsk: Mji Uliotangulia Ramani Yake

Ilikuwa Moshi, saa nane mchana, jua limekaza. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, nikimsubiri rafiki yangu atoke benki, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikawa nalitazama jengo lenyewe, kuanzia chini hadi juu. Mzee mmoja aliyeketi pembeni akaniona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona unalikagua jengo letu."

Nikamwambia nalipenda. Akanieleza kwamba ni jengo la fedha za kahawa, kwamba wakulima wa mlimani ndio waliolitaka na wakalipata. Kisha, bila hata kunigeukia, akaongeza: "Aliyelichora alikuwa Mjerumani. Lakini alikuja huku akitokea kwa Warusi."

Rafiki yangu akatoka, tukaondoka. Kauli ile ikaondoka na mimi.

Mjerumani huyo ni Ernst May. Kabla ya Moshi, kabla ya kuchora upanuzi wa Kampala, kabla ya hoteli ya Oceanic kule Mombasa, aliitwa Umoja wa Kisovieti kuchora miji mipya. Maarufu kuliko yote ni Magnitogorsk, mji wa chuma ulioko kusini mwa milima ya Ural. Tangu siku ile nimekuwa nikiusoma mji huo kila ninapopata nafasi, na kila ninapodhani nimemalizana nao unanirudisha nyuma. Nimeona bora niandike.

## Mlima, reli na matope

Penye mji huu palikuwa na mlima uliojaa madini ya chuma. Wakosaki, wapiganaji wa mipakani wa dola ya Urusi, walijenga ngome yao hapo mwaka 1743 na kuiita kwa jina la mlima, Magnitnaya. Kwa karibu karne mbili watu walichimba kidogo kidogo, wakasafirisha mawe kwa mikokoteni, wakaishi na mifugo yao kwenye nyika.

Tarehe 30 Juni 1929 treni ya kwanza ikafika.

Stalin alikuwa kwenye Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano na alitaka kiwanda cha chuma cha kushindana na chochote kilichopo Marekani. Mfano uliochaguliwa ulikuwa Gary, mji wa kiwanda ulioko jimbo la Indiana. Kampuni ya Arthur McKee ya Cleveland ikapewa mkataba wa kusanifu kiwanda. Mlima ulikuwa na chuma lakini jirani hapakuwa na makaa ya mawe. Makaa yangetoka Kuzbass, Siberia, umbali wa kilomita 2,000 hivi. Mabehewa yangekwenda mashariki na madini, yarudi magharibi na makaa. Ukiitazama ramani ya reli hiyo unaona jinsi waamuzi wa Moscow walivyokuwa tayari kupindisha nchi nzima ili kiwanda kimoja kisimame.

Watu walishuka kwenye treni wakakuta nyika tupu. Wakalala kwenye mahema, wakachimba nyumba nusu ardhini, wakajenga mabanda marefu ya mbao. Baridi ya Ural hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Mchanganyiko wa zege uliganda kabla haujamiminwa, nao wakaupasha moto na kuendelea.

Tanuri la kwanza liliwashwa tarehe 31 Januari 1932, katikati ya baridi. Wahandisi wa Kimarekani walishauri wasubiri. Hawakusikilizwa. Tarehe 1 Februari chuma ghafi cha kwanza kikatoka, magazeti yakashangilia, na baada ya muda mfupi tanuri likasimamishwa kwa matengenezo.

Kabla ya treni ile ya kwanza pale palikuwa na kijiji. Sensa ya mwaka 1939 ilikuta karibu watu 146,000.

## Msanifu anafika

May alifika Umoja wa Kisovieti mwezi Oktoba 1930 akiwa na wataalamu wapatao ishirini. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Frankfurt, tangu 1925, alikuwa amesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za wafanyakazi, nyumba ndogo lakini zenye jua, bustani na hewa safi. Aliamini kwamba mfanyakazi anastahili mwanga wa jua kama tajiri anavyoustahili, na kwamba ukipanga majengo kwa mistari iliyonyooka, yote yakielekea upande mmoja, kila familia inapata sehemu yake ya jua bila kupendelewa wala kunyimwa.

Ninaipenda imani hiyo. Ninaisema mapema ili msomaji ajue ninaposimama.

Alipofika Magnitogorsk, jengo la kwanza la kudumu lilikuwa limeshawekewa msingi tangu Julai. Kiwanda kilikuwa kimeshachukua nafasi yake. Bwawa kwenye mto Ural lilikuwa linajengwa ili kukipa kiwanda maji, na maji hayo yangemeza ardhi ambayo msanifu angeweza kuitumia. Mahema yalikuwa yameshatandazwa kila upande, na mabanda yalizidi kuota bila ramani ya mtu yeyote. Alikuwa fundi aliyeitwa kushona nguo wakati mteja keshaivaa.

May alichora mji mrefu, mwembamba: ukanda wa viwanda, ukanda wa miti katikati, kisha ukanda wa makazi, ili mtu atembee kwa miguu kwenda kazini na moshi usimfikie kitandani. Ni wazo zuri sana. Lakini kati ya kiwanda, bwawa na mlima hapakubaki ukanda wa kutosha. Mji wa makazi ukabanwa ukingo wa kushoto wa mto, ukingo uleule wa kiwanda, na moshi ukawa jirani wa kila mtu.

Kilichojengwa kweli kutoka kwenye michoro yake ni kidogo: mtaa mmoja wa majengo yaliyopangwa kwa safu, ambao upo hadi leo. Nimeutazama kwenye picha mara nyingi. Majengo yamechoka, rangi imebambuka, lakini safu zake bado zimenyooka na watu bado wanaanika nguo kwenye vibaraza.

## Nyumba zisizo na jiko

Katika kundi la May alikuwemo Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna aliyebuni jiko la Frankfurt: chumba kidogo kilichopimwa kwa hatua za mpishi, kila kitu kikiwa mkononi. Majiko mengi ya kisasa ya mjini, hata haya ya kwetu yenye makabati yaliyobanana ukutani, yana damu yake.

Huku Urusi alipewa kazi ya kuchora vituo vya kulelea watoto. Katika mji mpya wa kijamaa jiko la nyumbani lilionekana ni mabaki ya zamani. Watu wangekula kwenye mabwalo, watoto wangelelewa kwenye vituo, mama angetoka kwenda kazini akiwa huru. Vyumba vingi vilichorwa bila jiko.

Mabwalo yakachelewa, na mabomba ya maji pia. Watu wakapika vyumbani, kwenye majiko madogo ya mafuta, wakabeba maji kwa ndoo na kupanga foleni ya mkate kwa kadi.

Mwaka 1933 kamishna (yaani waziri) wa viwanda vizito, Sergo Ordzhonikidze, akaja kukagua. Akakasirika kwamba nyumba kama zile zimepewa jina la mji wa kijamaa. Lawama ikawaangukia wasanifu wa kigeni, ingawa si wao walioamua saruji, misumari na mabomba yaende kwanza kwenye matanuri.

Hapa ndipo nilipoanza kumwonea May huruma. Na hapo hapo nikaanza kuitilia shaka huruma yangu.

## Waliokuwa ndani ya mahema

Kuna sanamu Magnitogorsk iitwayo Hema la Kwanza. Ilizinduliwa mwaka 1966, kazi ya mchongaji Lev Golovnitsky: hema la mawe, na mkono ulioshika bonge la madini ya chuma. Hata nembo ya mji ni pembetatu nyeusi juu ya fedha, nayo ni mlima na hema kwa wakati mmoja. Mji umechagua kujikumbuka kupitia hema, na ni kumbukumbu ya kweli. Vijana wa Komsomol, umoja wa vijana wa chama cha Kikomunisti, walikuja kwa hiari yao, walilala humo, walishindana nani atamwaga zege nyingi zaidi kwa zamu moja, na wengi wao walisema hadi uzeeni kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa miaka mizuri ya maisha yao.

Lakini si hao tu waliolala kwenye mahema.

Maelfu kwa maelfu ya wakulima waliletwa Magnitogorsk wakiwa chini ya ulinzi. Hawa walikuwa wakulima walioitwa kulaki, waliodaiwa kuwa matajiri wa kijiji. Mashamba yao yalichukuliwa kwa ajili ya ushirika wa lazima, wakapakiwa kwenye mabehewa na watoto na wazee wao. Wakawekwa kwenye makazi maalumu pembezoni mwa ujenzi. Kipupwe cha kwanza wengi walikipita kwenye mahema, na watoto wengi hawakukipita. Zaidi ya hao palikuwa na wafungwa wa kambi ya kazi. Matanuri, reli na bwawa ni jasho lao pia.

Kwa hiyo hema lilikuwa ni lipi? La kijana aliyekuja akiimba, au la mama aliyeletwa na bunduki?

Swali hili lilinikalia vibaya. Nilisoma kumbukumbu za John Scott, Mmarekani aliyefika mwaka 1932 akiwa na miaka 20 na kufanya kazi ya kuchomelea vyuma juu ya matanuri. Scott hakuwa adui wa mradi. Alikuja kwa sababu Marekani ilikuwa imejaa wasio na kazi na alitaka kuuona ulimwengu mpya ukijengwa. Aliona watu wakianguka kutoka kwenye majukwaa yaliyofunikwa barafu. Aliandika kwamba, kwa kadirio lake, vita vya chuma vya Urusi viliua na kujeruhi watu wengi kuliko vita vya Marne, vya Vita Kuu ya Kwanza. Akaoa hapo, akazaa hapo, akasoma shule ya jioni baada ya zamu, akaondoka akiwa bado anawaheshimu wenzake wa kazi. Mambo hayo yote yapo katika mtu mmoja, na hakuyatenganisha.

Wakati huohuo, wahandisi wa kigeni na wakubwa wa ujenzi waliishi Berezki, mtaa wa nyumba nzuri katikati ya miti, mbali na mabanda. Mji uliojengwa kufuta matabaka ulikuwa na mtaa wa wakubwa kabla haujawa na mfumo wa majitaka.

## Mshairi wa hema

Aliyenigeuza kabisa ni Boris Ruchyov.

Alifika Magnitogorsk mwaka 1930, kijana wa miaka 17, akafanya kazi za ujenzi na kuandika mashairi usiku. Shairi lake juu ya hema likajulikana nchi nzima. Mwishoni mwa mwaka 1937 akakamatwa. Akapewa miaka kumi, akapelekwa Kolyma, mashariki ya mbali ya nchi, kwenye kambi za baridi kali kuliko zote, na hata alipomaliza kifungo hakuruhusiwa kurudi. Alirudi Magnitogorsk mwaka 1957, baada ya kusafishwa jina.

Miaka tisa baadaye mji ulipojenga sanamu ya hema, mistari iliyochongwa kwenye jiwe ilikuwa yake.

Nilipojua hilo nilitembea chumbani nisijue nikae wapi. Nilikuwa nimewapanga watu katika makundi mawili, waliokuja wakiimba na walioletwa kwa nguvu, na nilikuwa nimeanza kuchagua kundi la kulihurumia. Ruchyov alikuwa katika yote mawili. Aliimba kwa moyo wake wote, kisha akafungwa na dola aliyoiimbia, kisha akarudi kwa hiari yake kuishi karibu na matanuri yaleyale hadi kifo chake mwaka 1973. Sina haki ya kumwambia kwamba furaha yake ya hemani ilikuwa ya uongo. Dola iliyomfunga haina haki ya kulitumia shairi lake kufunika makazi ya wakulima.

Jiwe lile lingeweza kusema habari yote. Linasema nusu.

## Watu waliompa May kazi

May aliondoka Umoja wa Kisovieti mwisho wa mwaka 1933. Ujerumani ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Hitler, na mtu mwenye asili ya Kiyahudi na sifa ya siasa za mrengo wa kushoto hakuwa na pa kurudi. Akaja Tanganyika, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Vita vilipozuka Waingereza wakamweka kizuizini kama raia wa adui. Alipotoka akarudi kwenye penseli yake, na mwishoni mwa miaka ya 1940 akapata kazi ya KNCU pale Moshi.

Chama hicho cha wakulima wa kahawa kilianza mwaka 1933, mwaka uleule May alipoikimbia Urusi. Nimeliwaza sana jambo hili. Wakulima wa Magnitogorsk walinyang'anywa mashamba na kuletwa kuujenga mji wasiouomba. Wakulima wa Kilimanjaro, wakiwa chini ya mkoloni na vikwazo vyake vyote, walikuwa wateja: walikuwa na chama, walikuwa na kahawa, walijua wanataka nini. Msanifu ni yuleyule, na imani yake juu ya mwanga na hewa ni ileile. Sitaki kuipamba Moshi ya kikoloni, kwani haikuwa mahali pa usawa. Lakini ninapomsikia mzee akisema "jengo letu", najua anamaanisha nini, na najua kwamba wakati wa matanuri yale ya kwanza ni wachache wa makazi maalumu ambao wangeweza kusema hivyo juu ya mji wao.

## Mabamba ya vifaru

Vita vilipofika, Magnitogorsk ukapata jina jipya moyoni mwa Warusi.

Julai 1941 mahitaji ya mabamba ya vifaru yalikuwa makubwa na mitambo ya kuyatengeneza ilikuwa magharibi, njiani kwa Wajerumani. Naibu fundi mkuu wa mitambo, Nikolai Ryzhenko, akapendekeza mabamba hayo yafinywe kwenye mtambo mkubwa wa kufinyia vipande vya chuma, ambao haukukusudiwa kazi hiyo. Wengi waliogopa utavunjika. Haukuvunjika. Baadaye mtambo halisi ukahamishwa kutoka Mariupol, Ukraine, pamoja na wafanyakazi wake, ukasimikwa Magnitogorsk. Hesabu inayorudiwa na kila mwenyeji ni kwamba kila kifaru cha pili na kila kombora la mzinga la tatu la Jeshi Jekundu, jeshi la Kisovieti, lilitokana na chuma chao.

Mwaka 1979 Golovnitsky huyohuyo wa hema akasimamisha sanamu ya urefu wa mita 15: mfanyakazi anamkabidhi askari upanga. Mfanyakazi anaelekea mashariki, kiwandani. Askari anaelekea magharibi, alikotokea adui. Husemwa kuwa upanga huo ndio ulioinuliwa na sanamu ya mama kule Volgograd, na ndio ulioteremshwa na askari wa sanamu ya Berlin.

Ni fahari ya haki. Bila chuma kile Hitler angefika mbali zaidi.

Na bado siwezi kulipita jina la Mariupol kwa haraka. Yakov Gugel, mmoja wa wakuu waliosimamia ujenzi wa Magnitogorsk, alihamishiwa huko kujenga kiwanda cha Azovstal, na mwaka 1937 akapigwa risasi na serikali yake mwenyewe. Mwaka 1941 Mariupol ikaipa Magnitogorsk mtambo wake. Mwaka 2022 jeshi la Urusi likaizingira Mariupol, na Azovstal ikageuzwa magofu. Miji hii miwili ilijengwa na watu walewale, na hakuna sanamu ya upanga inayoweza kunieleza hilo.

## Kuvuka mto

Kwa takriban nusu karne mji ulifungwa kwa wageni. Ndani yake ugomvi wa zamani ukaamuliwa taratibu: ukingo upi?

Mto Ural huhesabiwa kuwa mpaka wa Ulaya na Asia. Kiwanda kipo kushoto, Asia. Baada ya ukaguzi ule wa Ordzhonikidze wa 1933 wakuu waliamua kwamba mji wa kudumu uende kulia, Ulaya, mbali na moshi, lakini ujenzi ulishika kasi baada ya vita tu. Sehemu ya nyumba za miaka hiyo ilijengwa na mateka wa vita wa Kijerumani. Leo wengi wanaishi kulia na kufanya kazi kushoto, na tramu hupita madarajani zikiwatoa bara moja kwenda jingine kila asubuhi. Umbali kati ya kitanda na tanuri, ambao May alitaka kuupata kwa ukanda wa miti, ulipatikana kwa mto. Moshi haukuisha hata hivyo. Magnitogorsk ni mmoja wa miji 12 ya kwanza kuingizwa kwenye mpango wa serikali ya Urusi wa kusafisha hewa ulioanza mwaka 2019.

Mkesha wa mwaka huo, tarehe 31 Desemba 2018, sehemu ya ghorofa ya makazi kwenye barabara ya Karl Marx iliporomoka alfajiri. Walikufa watu 39. Uchunguzi wa serikali ulisema ni mlipuko wa gesi. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya saa thelathini kwenye kifusi na baridi. Nakumbuka habari ile ilipita kwenye simu yangu wakati wa sikukuu, na jina la mji halikunishika. Sasa nikilisoma naona safu za nyumba.

Mlima wenyewe karibu umekwisha. Madini yaliyousababisha mji yalichimbwa, yakayeyushwa, yakaenda vitani na kwenye madaraja, na kwa miongo mingi sasa kiwanda kimetegemea madini ya kusafirishwa, ambayo kwa muda mrefu mengi yalitoka Rudny, Kazakhstan. Miji mingi ya migodi hufa shimo linapokauka. Sensa ya 2021 ilikuta Magnitogorsk watu wapatao 410,000. Wana timu ya hoki ya barafu, Metallurg, bingwa wa kombe la Gagarin mwaka 2014, 2016 na 2024, na Evgeni Malkin aliyezaliwa hapo akaenda kuwa nyota Marekani. Wana vyuo, makaburi ya wazazi, bustani za mboga za wikiendi. Sababu ya mji kuwepo iliondoka na mji ukabaki.

Kwa hiyo bado ninabishana na May. Upande mmoja nasema alitumika: jina lake na safu zake za jua ziliipa sura ya utu kazi iliyokuwa ikiwaua wakulima palepale alipopangia mji, naye aliyaona mahema. Upande mwingine naona ule mtaa mmoja uliosalia ukingo wa kushoto. Familia zinazoishi humo leo, ambazo baadhi bila shaka ni wajukuu wa wale walioletwa chini ya ulinzi, zinapata jua asubuhi kwa sababu mtu mmoja alishikilia kwamba wapate. Nimejaribu kuufanya upande mmoja uumeze mwingine, na sijaweza.